Nani Atafuta Machozi? Uhakiki wa Lugha ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Kilosa na Mikumi

1. Utangulizi

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa mwendo wa kilomita 50 hivi. Kuumeni kwake hutandazwa uwanda wa Mkata, wenye nyati, twiga na pundamilia. Kushotoni huinuka vilima vinavyoelekea kusini, kwenye eneo ambalo wazee waliliita Shamba la Bibi, yaani Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kaskazini na magharibi ya hifadhi iko wilaya ya Kilosa, ambayo mji mdogo wa Mikumi ni sehemu yake. Huko kuna mashamba ya mahindi na mpunga, mashamba ya mkonge ya zamani, vijiji vya wakulima na vijiji vya wafugaji. Katika eneo hili moja hukutana mambo yote ambayo sisi waalimu wa theolojia tumezoea kuyafundisha chini ya kichwa cha "uwakili wa uumbaji".

Makala hii ni uhakiki. Hatukusudii kuwaambia wataalamu wa wanyamapori jinsi ya kuhesabu tembo. Tunakusudia kuchunguza maneno. Uhifadhi una lugha yake, na Kanisa limeichukua lugha hiyo na kuipandisha mimbarani bila kuipima. Tutasoma maandishi mawili ya umma, yaani Ilani ya Arusha ya 1961 na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 pamoja na kanuni zake, kisha tutayasoma mahubiri yetu wenyewe. Hoja yetu ni kwamba lugha hii humtaja kwa ukali mtu maskini anapokosa, na humtaja kwa upole mno mwenye nguvu anapodaiwa. Tutamaliza kwa kuuliza mchungaji wa usharika ulio kando ya hifadhi afanye nini.

2. Ilani ya Arusha na neno "dhamana"

Ilani ya Arusha isichanganywe na Azimio la Arusha la 1967. Ilitolewa Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, katika mkutano wa kimataifa juu ya uhifadhi wa maumbile uliofanyika Arusha, nayo ilitolewa kwa jina la Mwalimu Nyerere. Kwa ufupi, inasema kwamba wanyamapori ni chanzo cha mshangao na furaha, na tena ni sehemu ya maliasili na ya riziki ya baadaye ya watu. Kwamba serikali ya Kiafrika inapokea dhamana ya kuwatunza kwa ajili ya wajukuu. Na kwamba kazi hiyo yahitaji wataalamu na fedha, hivyo mataifa mengine yanaombwa kusaidia.

Ni andishi lenye hekima, na matunda yake yanaonekana. Hifadhi ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, miaka mitatu tu baada yake, na sasa ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Ikumbukwe kwamba barabara ya Morogoro kwenda Iringa, ilipojengwa miaka ya 1950, iliwafungulia wawindaji uwanda ule, na kama usingelindwa pengine leo tusingekuwa na la kuandika.

Hata hivyo msomaji wa Biblia hana budi kuuliza juu ya neno dhamana. Katika Agano Jipya wakili, oikonomos, ni mtumishi aliyewekwa juu ya mali ya bwana wake, naye hutakiwa aonekane kuwa mwaminifu (1 Kor. 4:2). Lakini katika Luka 12:42 uaminifu wake hupimwa kwa jambo moja: je, aliwapa watumishi wenzake posho yao kwa wakati wake? Wakili aliyelinda ghala vizuri huku wenzake wakilala na njaa hakusifiwa na Bwana. Ilani inawataja wajukuu ambao hawajazaliwa, na inayataja mataifa yatakayosaidia. Mtu ambaye mara hii analima mpakani haonekani. Yeye yumo ndani ya neno "sisi", lakini humo amemezwa.

Upungufu huu haukuanza 1961. Sheria za kwanza za uwindaji katika koloni la Wajerumani, zilizotolewa na Gavana von Wissmann mwaka 1896, zilimtaka mwindaji awe na kibali. Na kibali kinataka fedha. Uwindaji wa babu aliyetafuta kitoweo ukawa kosa kwa siku moja. Uhuru uliirithi sheria hiyo pamoja na msamiati wake.

3. Mnyama ni wa nani?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 1974, inatamka kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais kwa niaba ya Jamhuri ya Muungano. Ndiyo maana ngozi, jino au kipande cha nyama kikipatikana nyumbani mwa mtu bila kibali huitwa "nyara za serikali", na mwenye nyumba hupelekwa mahakamani. Umiliki uko wazi, tena ni mkali.

Lakini mnyama yule yule akivuka mpaka usiku na kula ekari tatu za mahindi, umiliki hubadilika sura. Sheria haisemi kwamba mwenye mali atalipa fidia. Inampa Waziri uwezo wa kuweka kiasi cha fedha cha kumliwaza aliyepata hasara, na kwa Kiswahili cha kila siku kiliwazo hicho kina majina mawili: kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa jeraha au kifo. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu na 200,000 kwa jeraha lisiloleta ulemavu wa kudumu. Kwa mazao ziliweka kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi tano, kiwango kikipanda kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikupewa kitu.

Hatuandiki ili kubishana juu ya kiasi. Viwango hubadilishwa kwa kanuni mpya, na aliye na hazina ndogo hawezi kulipa kama aliye na hazina kubwa. Tena kuna sababu ya mita 500: serikali haitaki kumtia moyo mtu alime mlangoni pa tembo. Tunachohakiki ni muundo wa mawazo. Mwanakijiji akimwua mnyama, mnyama ana mwenyewe. Mnyama akimwua mwanakijiji, mnyama ni wa porini.

Torati ililikuta tatizo hili. Kutoka 21:28-32 yazungumza juu ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Kama mwenyewe hakuwa na habari, hana hatia. Kama alikwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake ni mkali naye asimfunge, hatia ni yake. Kutoka 22:5 yaendelea: mnyama wa mtu akilisha katika shamba la mwingine, mwenye mnyama atalipa kwa mazao mazuri ya shamba lake mwenyewe. Mtu atapinga kwamba maandiko haya yanahusu wanyama wafugwao, na kwamba tembo si ng'ombe wa mtu. Pingamizi hilo ni la haki, nasi hatuwezi kuichukua sheria ya kijiji cha Israeli na kuibandika juu ya Mikumi. Lakini kanuni iliyomo inabaki: anayedai haki ya mwenye mali huchukua na wajibu wake, hasa akiwa amekwisha kuonywa. Na maonyo juu ya tembo wa Mikumi yametolewa kwa miaka mingi.

4. Neno "kifuta machozi"

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kuongoza ibada ya mazishi katika mtaa mmoja wa wilaya ya Kilosa. Marehemu alikuwa mkulima wa makamo, baba wa watoto wanne, mwanakwaya. Aliuawa na tembo kabla ya mapambazuko, aliposhuka kutoka kwenye dungu ambamo alikuwa akilinda mahindi. Afisa mmoja alifika msibani, mtu wa heshima aliyekuja kwa miguu sehemu ya mwisho ya njia, akatoa pole na kueleza taratibu za kuomba kifuta machozi. Baada yake tukasimama sisi, tukafungua Ufunuo 21 kama tulivyokuwa tumepanga tangu nyumbani. Tulipofika mahali paelezapo kwamba Mungu mwenyewe atafuta kila chozi, tukasikia mnong'ono katika viti vya akina mama. Neno lilikuwa lile lile. Hatukujua la kusema, tukaendelea kusoma.

Tangu siku ile tumerudi mara nyingi kwenye kitenzi hicho. Isaya 25:8 yaahidi kwamba Bwana atafuta machozi katika nyuso zote, na katika aya ile ile atakiondoa kifo na aibu ya watu wake. Machozi hayafutwi peke yake; sababu yake pia huondolewa. Ufunuo 21:4 hufuata mwendo huo. Kitenzi cha Kiyunani kilichotumiwa hapo, exaleipho, ndicho pia kilichomo katika Wakolosai 2:14, ambapo Mungu anaifuta hati ya deni iliyotushitaki. Biblia yetu ya Kiswahili nayo imetumia kufuta mahali pote pawili. Basi kwa lugha ya Agano Jipya, kufuta machozi na kufuta deni ni ndugu. Tena deni halikufutwa kwa kubadilishiwa jina. Lilifutwa msalabani, kwa gharama ya yule aliyelifuta.

Hapa ndipo ulipo upungufu wa neno letu la kisheria. Kifuta machozi hufuta chozi na kuacha deni. Kwa kweli kimechaguliwa ili deni lisikubaliwe. Anayelipa fidia anakiri kwamba alipaswa kulipa. Anayetoa kifuta machozi amefanya hisani, na mpokeaji hutazamiwa kushukuru. Vivyo hivyo kifuta jasho. Mwanzo 3:19 yasema mwanadamu atakula chakula kwa jasho la uso wake. Mkulima aliyetoa jasho na asile chakula hahitaji kitambaa; anahitaji chakula.

Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alimtofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba kwa namna kila mmoja anavyoyapa mambo majina: wa kwanza huuita uovu wema na wema uovu, wa pili huyasema mambo kama yalivyo. Hatudai kwamba waliotunga kanuni za 2011 walikuwa na nia mbaya. Huenda walitafuta neno la upole, na Kiswahili kina maneno ya upole mengi. Lakini mchungaji akilichukua neno hilo na kulitumia msibani, amekopesha ahadi ya Mungu kwa daftari la malipo. Hilo hatukubali.

5. Majina tunayowapa watu

Tukiacha machozi, tuangalie majina. "Jangili" ni mtu aliyeingia hifadhini na bunduki kutafuta pembe. "Jangili" pia ni kijana aliyetega waya apate swala wa kuuza nyama kijijini. "Mvamizi" ni aliyehamia hifadhini mwaka jana. "Mvamizi" pia ni ambaye mpaka ulimkuta.

Hatupuuzi uzito wa ujangili. Katika mfumo wa ikolojia wa Selous na Mikumi, sensa ya 2009 ilihesabu tembo 38,975. Sensa ya 2013 ilihesabu 13,084. Kwa miaka minne theluthi mbili zilitoweka. Fedha iliyowaua haikutoka Kilosa, ilitoka katika masoko ya mbali ya meno ya tembo, ikapita kwa watu wenye magari na vyeo. Walinzi wengi wa wanyama wamekufa kazini, na mwaka 2017 Wayne Lotter, aliyepambana na mitandao hiyo, aliuawa Dar es Salaam. Kanisa lisilowaombea askari wa wanyamapori halijui kinachotokea.

Lakini neno moja kwa makosa yote lina hatari yake. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Ilisimamishwa baada ya muda mfupi kutokana na malalamiko ya mateso, vifo, na mali za wananchi kuharibiwa. Kamati ya Bunge ikachunguza, na Desemba mwaka ule mawaziri wanne wakaondolewa madarakani. Lengo lilikuwa la haki. Lakini kila mtu alipokuwa tayari amekwisha kuitwa jangili, haikuwa vigumu kumtendea kama jangili. Katekisimo Ndogo, katika Amri ya Nane, hairidhiki na kutokusema uongo. Yatutaka tumtetee jirani na kumfasiria mambo yake kwa upande ulio mwema. Hili tunawafundisha watoto wa kipaimara. Je, tumelitumia katika mahubiri ya Jumapili ya mazingira?

Sasa tuangalie mtu ambaye hana jina baya hata moja, naye ni msafiri. Barabara ya Mikumi ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikawa njia kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Mabango huagiza mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, matuta yamewekwa, na orodha ya faini kwa kila mnyama imetangazwa kwa dola za Marekani; kwa wanyama wakubwa hufikia maelfu. Mwaka 1995 mtafiti Carlos Drews alichapisha uchunguzi wake juu ya wanyama wanaouawa na magari katika barabara hiyo, na tangu wakati huo magari yameongezeka. Dereva wa basi au lori anayemwua mnyama kwa mwendo wa kasi haitwi jangili. Huitwa mtu aliyepata ajali.

Twakiri kwamba sisi wenyewe tumo. Jioni moja, tukiwahi kikao cha kanisa, tulimgonga swala mdogo karibu na daraja. Giza lilikuwa limeanza, nasi tulikuwa tumepita mwendo ulioruhusiwa. Tulisimama kitambo, tukaangalia taa ya gari, tukaendelea. Hatukuripoti. Kesho yake tulifundisha. Laiti kijana wa mtaa wetu angekamatwa na mguu wa swala yule, angekuwa mshitakiwa, nasi tungeombwa kumwandikia barua ya tabia njema.

Wala hatutaki kulinganisha kwa wepesi dola za twiga na shilingi za mkulima. Faini imekusudiwa kutisha, kiliwazo hakikukusudiwa kuwa bei ya mtu. Lakini mwanakijiji anayesoma bango lile akitoka msibani hulinganisha, na hatuna jibu la kumpa kwa sababu hatujawahi kuuliza swali.

6. Zaburi 104 na usiku wa mkulima

Mwaka 1967 mwanahistoria Lynn White wa Marekani aliushitaki Ukristo kwamba fundisho lake la kutawala uumbaji ndilo mzizi wa maafa ya mazingira. Tangu hapo wanatheolojia wengi wamejibu kwa kulitoa radah la Mwanzo 1:28 na kuliweka shamar, "kutunza", la Mwanzo 2:15. Jibu hilo ni jema, lakini mara nyingi linaishia bustanini. Shina lile lile la shamar larudi katika Mwanzo 4:9, Kaini anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Kutunza bustani na kumtunza ndugu ni kitenzi kimoja, na anayetenganisha hayo mawili amesikia nusu ya somo.

Zaburi 104 yafaa kusomwa polepole katika sharika za Kilosa. Humo simba hunguruma usiku akimtaka Mungu chakula chake. Jua likichomoza hurudi mapangoni, na hapo mwanadamu hutoka kwenda kazini mwake hata jioni (aya 20-23). Simba hafutwi, wala haombewi kufa; ana riziki yake kwa Mungu kama mtu alivyo nayo. Lakini kila mmoja ana zamu yake. Mtunga zaburi anaona ugawaji wa wakati na mahali kuwa hekima ya Muumba.

Mikumi na Kilosa zamu hiyo imevunjika pande zote mbili. Malori hayana jioni. Hupita uwandani usiku kucha, na mnyama ambaye giza lilikuwa lake hukutwa na taa. Mkulima naye hana jioni: msimu wa mahindi kukomaa hulala dunguni na debe la kupiga, na mchana hulima akiwa na usingizi, watoto huchukuliwa walinde nyani, na dawati shuleni hubaki tupu. Njia ambazo tembo walipita tangu zamani kati ya Mikumi, Udzungwa na Wami zimekatwa na mashamba, makazi, reli na barabara, basi hupita wanapoweza. Tatizo hili ni la mipaka na njia kabla halijawa la maadili ya mtu mmoja mmoja, na mahubiri yanayomwambia mkulima "tunza uumbaji" bila kuuliza ni nani aliyeikata njia ya tembo humwekea mzigo usio wake.

Wala si wanyamapori tu. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Hatusemi kwamba hifadhi ndiyo iliyoleta damu hiyo. Twasema kwamba mahali ambapo ardhi imegawanywa kati ya hifadhi, ranchi, mashamba makubwa, vijiji vya wakulima na vijiji vya wafugaji, kila mpaka mpya humsukuma mtu juu ya jirani yake. Kutoka 22:5, tuliyoitaja juu ya tembo, huko yasomwa kama ilivyoandikwa, juu ya ng'ombe katika shamba la mwenzio.

7. Mfano kutoka misituni

Haingekuwa haki kumwacha msomaji na malalamiko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilifungua mlango wa kijiji kutangaza na kusimamia msitu wake chenyewe. Kuanzia 2012 baadhi ya vijiji vya Kilosa viliingia mlango huo pamoja na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na mtandao wa MJUMITA, kwa msaada wa Uswisi, katika kazi ya mkaa endelevu. Kijiji kilipima msitu, kikatenga sehemu ya kutoguswa na sehemu ya kuvuna. Sehemu ya kuvuna ikagawanywa vipande vidogo, visiguswe tena hadi miaka 24 ipite na visiki vichipue. Ushuru wa mkaa ukaingia katika mfuko wa kijiji, na mkutano mkuu ukaamua utumike kwa nini: darasa, zahanati, ofisi.

Kazi ile imekuwa na matatizo yake, na mabadiliko ya kanuni za mkaa yameiyumbisha. Tunaitaja kwa sababu ya lugha yake. Mchoma mkaa, ambaye katika mahubiri yetu mengi ni adui wa uumbaji, hapo ana jina lingine: ni mvunaji mwenye leseni ya kijiji, na jirani yake ndiye amkaguaye. Anayetunza ndiye anayekula, na anayekula ndiye anayewajibika. Huo ni uwakili wa Luka 12 kuliko mwingi tunaouhubiri.

8. Wajibu wetu

Tunapendekeza mambo manne kwa ndugu zetu katika huduma, hasa wanafunzi watakaopangiwa sharika za mipakani.

Kwanza, tusitumie neno kifuta machozi katika ibada kwa maana ya malipo. Msibani tuseme wazi kwamba familia inadai, tuisaidie kujaza fomu na kufuatilia, na tuliachie Ufunuo 21 neno lake.

Pili, mzee wa kanisa mmoja katika kila mtaa aandike kila tukio la mazao kuliwa au mtu kujeruhiwa, kwa tarehe na ekari. Malalamiko yasiyoandikwa hayafiki mbali. Katekisimo inaweka shamba na mifugo ndani ya ombi la mkate wa kila siku. Basi daftari hilo ni sehemu ya sala.

Tatu, katika Sikukuu ya Mavuno tusipange viwango vya sadaka kana kwamba tembo hawakupita. Usharika uliovuna uuletee usharika ulioliwa.

Nne, sisi wenye magari tuanze toba na sisi wenyewe. Mwendo wa kilomita 50 usiku ni Amri ya Tano kwa ajili ya abiria wetu, na kwa ajili ya viumbe ambao Mungu amewapa usiku.

9. Hitimisho

Marko 1:13 yasema kwamba Bwana wetu alikaa jangwani pamoja na wanyama wa mwitu. Hakuwafukuza, wala wao hawakumdhuru. Tunaishi kabla ya utimilifu wa picha hiyo, na uumbaji, kama asemavyo Paulo katika Warumi 8, bado unaugua pamoja nasi. Kwa hiyo hatutazamii Mikumi pasipo maumivu. Tunatazamia maumivu yagawanywe kwa haki, na yatajwe kwa majina yake.

Mjane wa yule mkulima alipata fedha zake baada ya muda mrefu. Alizipokea, kwa kuwa watoto walihitaji sare. Tulipomtembelea, alisema ameshukuru, kisha akauliza kama msimu ujao kutakuwa na mtu wa kukaa dunguni. Swali hilo tunawaachia wasomaji, kwa sababu mpaka leo hatujalijibu.